Kutoka Nakivale hadi Mbarara: Mwanafunzi wa udaktari achague hospitali ipi?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara, Uganda, waliofika hatua za mwisho za udaktari huulizana swali lile lile: niende hospitali gani? Majibu wanayopewa yanapingana. Mmoja huambiwa akimbilie hospitali ya rufaa yenye jina. Mwingine huambiwa aende hospitali ya misheni milimani, ambako atashika kisu mapema. Wa tatu hushauriwa abaki makaziini awahudumie watu wake. Wazazi nao, ambao wengi wametoka Kivu au Burundi na wanaujua mfumo wa Kifaransa wa kufundisha madaktari, huyaita yote hayo kwa jina moja: mtoto yuko staji.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba maswali matatu tofauti yamefungwa furushi moja. Hospitali inayomfaa mwanafunzi wa mwaka wa nne kwa majuma sita inaweza kuwa chaguo baya kabisa kwa daktari anayetafuta ubingwa wa upasuaji. Ushauri wa kaka aliyetangulia, hata ukiwa wa kweli, mara nyingi ni jibu la swali lingine.

Hatua tatu, masharti matatu

Hatua ya kwanza ni mafunzo ya hiari: majuma machache ndani ya masomo ya shahada ya kwanza, ambayo Uganda huchukua miaka 5, mwanafunzi anapojichagulia hospitali au fani ya kuichungulia. Hapa uhuru ni mkubwa na hatari ni ndogo. Ukikosea, umepoteza majuma tu.

Hatua ya pili ni mwaka wa utarajali baada ya kuhitimu. Daktari mpya huzunguka idara nne kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi na watoto, kabla Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda halijamsajili kikamilifu. Anayepanga vituo ni Wizara ya Afya, na nafasi ya kujichagulia ni finyu. Anayejipa matumaini kwamba atachagua hospitali ya utarajali kama anavyochagua nyumba ya kupanga atavunjika moyo.

Ya tatu ni ubingwa, na ndani yake kuna njia mbili. Njia ya chuo kikuu ni shahada ya uzamili ya tiba, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 au zaidi, huku mwanafunzi akifanya kazi katika hospitali ya kufundishia ya chuo. Njia ya pili, kwa wapasuaji, ni Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha. Hiki hakina wodi zake chenyewe. Hukagua hospitali na kuziidhinisha, kisha mwanafunzi hujifunza akiwa kazini hapo hapo: miaka 2 ya kuufikia uanachama, na mingine kama 3 ya ubingwa kamili.

Mbona zamani hapakuwa na swali?

Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924, na kwa miongo mingi ilikuwa peke yake nchini. Aliyesoma Makerere alifundishwa Mulago. Mwaka 1989 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, chini ya Profesa Frederick Kayanja aliyekiongoza kwa miaka 25, na udaktari ndiyo kazi kiliyoanza nayo. Shabaha yake ilikuwa kumfundisha daktari wa vijijini, hivyo kumpeleka mwanafunzi akaishi na kufanya kazi katika jamii kukawa sehemu ya masomo tangu mapema.

Baadaye mlango ukafunguka zaidi. Mwaka 2004 zilianza shule za Gulu na ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ambacho tawi lake la magharibi liko Ishaka, Bushenyi. Busitema ikafuata huko Mbale mwaka 2013, kisha Kabale na nyinginezo. Shule za udaktari ziliongezeka kwa kasi. Wodi na madaktari bingwa wa kufundisha havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la nani anafundishwa wapi, kwani wanafunzi ishirini wakikizunguka kitanda kimoja, wa nyuma hujifunza visogo vya wenzake.

Msongamano huo ulihamia kwenye utarajali. Mwaka 2021, baada ya mgomo wa watarajali, Rais Yoweri Museveni aliagiza posho ya watarajali ipandishwe hadi shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Baadaye serikali ikaishusha hadi milioni 1. Mwaka 2023 wahitimu walingoja kupangiwa vituo hadi wakaingia barabarani. Nani alaumiwe ni mada ya siku nyingine. Kwa anayechagua hospitali leo, maana yake ni kwamba hesabu zake lazima ziwe na muda wa kungoja bila kipato.

Hoja ya jina kubwa

Wanaopigia debe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara wana hoja nzito. Iko katikati ya mji, imeshikana na chuo kikuu, na hupokea wagonjwa wa Ankole yote pamoja na wanaovuka mipaka kutoka Tanzania, Rwanda na Kongo. Mgonjwa aliyeshindikana Isingiro, Ibanda au Ntungamo huishia hapa. Mwanafunzi ataona kwa mwezi mmoja magonjwa ambayo mwenzake wa hospitali ya wilaya huyasoma vitabuni. Kuna madaktari bingwa wa fani nyingi, kuna mikutano ya kuchambua vifo, kuna maktaba.

Kuna pia utafiti. Kituo cha Epicentre, tawi la utafiti la Madaktari Wasio na Mipaka, kimekuwa Mbarara tangu miaka ya 1990. Mbarara ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuwahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Utafiti huo ulionyesha kwamba artesunate hupunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini, na tiba ikabadilika duniani. Kijana anayewaza ualimu au utafiti hana sababu ya kuipita Mbarara na kwenda mbali.

Upungufu wake unatokana na nguvu yake. Kitanda kimoja kina mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwanafunzi wa uuguzi, mtarajali, daktari anayesomea ubingwa, na pengine mgeni kutoka Ulaya au Marekani aliyekuja kwa majuma sita. Upasuaji unapoanza, kisu hakishuki hadi kwa wa chini. Mwanafunzi huona mengi na kutenda machache. Isitoshe, tangu serikali ilipofuta ada katika vituo vyake mwaka 2001, wagonjwa walimiminika bila vifaa kuongezeka kwa kiwango hicho. Dawa zikiisha stoo, ndugu wa mgonjwa hutumwa duka la nje. Mwanafunzi hujifunza tiba, hujifunza pia jinsi tiba inavyokwama, na somo hili la pili likizidi humkatisha mtu tamaa.

Sifa hizi za hospitali kubwa zina thamani tofauti kwa kila hatua. Msongamano unaomnyima mwanafunzi wa mwaka wa nne nafasi ni ule ule unaomnufaisha anayesomea ubingwa, kwa sababu yeye ndiye mwenye zamu na ndiye anayeitwa usiku. Mbarara ina masomo ya ubingwa katika fani kuu nne, na vilevile ganzi, magonjwa ya akili, macho na, tangu mwaka 2017, tiba ya dharura. Daktari bingwa wa baadaye anahitaji wagonjwa wengi na wagumu. Mwanafunzi mchanga anahitaji mwalimu mwenye muda.

Hoja ya hospitali ndogo

Kundi la pili husema: nenda pembezoni. Mfano unaotajwa zaidi ni Kisiizi, hospitali ya Kanisa la Uganda huko Rukungiri. Ilianzishwa mwaka 1958, hujizalishia umeme kwa maporomoko ya maji yaliyo jirani, na tangu mwaka 1996 ina bima ya afya ya jamii. Mwingine ni Hospitali ya Jamii ya Bwindi, wilayani Kanungu, iliyoanza mwaka 2003 kwa kuwahudumia Wabatwa waliotolewa msituni. Zote mbili zimezoea kupokea wanafunzi wageni na wenyeji.

Faida yao ni ukaribu. Daktari aliyemwona mgonjwa asubuhi ndiye anayempasua mchana na kumruhusu Ijumaa, na mwanafunzi anafuatana naye mwanzo hadi mwisho. Jina lako linajulikana siku ya pili. Hospitali ikiwa na bima yake au ada zake, unajifunza jambo ambalo wodi ya bure hailifundishi: kumuuliza mgonjwa ana uwezo gani kabla ya kuandika vipimo. Nalihesabu hili kuwa somo la udaktari, ingawa wapo walimu watakaoliita la uhasibu.

Hatari yake husemwa kwa sauti ya chini. Sifa ya "utafanya mengi" inaweza kumaanisha utaachiwa mengi. Mahali penye madaktari watatu, mmoja akiwa likizo na mwingine semina Kampala, mwanafunzi hujikuta anafanya asichokijua kwa mgonjwa asiyejua kwamba huyu bado anasoma. Kosa hilo hufanywa sana na wageni kutoka nchi tajiri, kwa kudhani kwamba palipo na uhaba kila mkono ni msaada. Mwaka 2010 kilichapishwa mwongozo wa maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, WEIGHT, kwa sababu ya hali kama hizo. Ila mwongozo ule unatufaa na sisi. Mwanafunzi wa Mbarara anayeshona kidonda kijijini bila msimamizi hana tofauti na Mzungu anayefanya hivyo. Tofauti ni kwamba yeye hatapiga picha.

Katikati ya makundi haya mawili, ndani ya mji wa Mbarara, zipo hospitali ambazo wanafunzi huzisahau: Ruharo ya Kanisa la Uganda, ambayo kituo chake cha macho kinajulikana kwa kutibu retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, na Holy Innocents, hospitali ya watoto ya Kanisa Katoliki. Kwa mtu mwenye fani mahususi moyoni, majuma manne Ruharo yatamfundisha macho kuliko mwaka mzima wa kupita pita rufaa.

Nakivale kama darasa

Nakivale haina hospitali. Ina vituo vya afya, kikubwa kikiwa kile cha makao makuu, na vingine katika maeneo kama Juru, Rubondo na Kabazana. Makazi yenyewe yalianza mwaka 1958, wilaya ya Isingiro ya leo, na yalipokea kwanza wakimbizi kutoka Rwanda. Sasa wakazi wake wamepita 150,000, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kesi nzito hupakiwa gari la wagonjwa na kupelekwa Mbarara, safari ya kama kilomita 60.

Kwa hiyo, anayeuliza kama anaweza kufanya utarajali au ubingwa ndani ya Nakivale apewe jibu fupi: hapana. Lakini kwa mafunzo ya hiari na kwa utafiti, makazi haya yana utajiri ambao watu wa Mbarara wenyewe hawauoni. Hapa mwanafunzi hukutana na malaria na kuhara, utapiamlo, kliniki ya wajawazito yenye foleni tangu alfajiri, na ufuatiliaji wa milipuko ya magonjwa katika jamii inayopokea watu wapya kila mara. Hukutana na wahudumu wa afya wa vijiji, ambao ndio mhimili halisi wa mfumo. Hukutana pia na majeraha ya vita yasiyoonekana. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye kiwewe. Washauri hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Walikuwa wakimbizi waliopewa mafunzo ya majuma machache, na wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliokuwa wakifuatiliwa tu. Matokeo hayo yamefika mbali katika vyuo vya nje. Mwanafunzi anayekaa saa mbili tu kutoka yalipotokea ana haki ya kuyajua.

Lugha nayo inabadilisha hesabu. Katika wodi za Mbarara lugha ya wagonjwa ni Kinyankole, na kijana aliyekulia Nakivale anaweza kujikuta mgeni. Makaziini mambo hugeuka: Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu, na asiyekijua, hata awe mwerevu vipi, humtegemea mkalimani. Mgonjwa wa Kikongo anapofikishwa Mbarara usiku akiwa na uchungu pingamizi, mwanafunzi anayeweza kumwambia "mama, tunakupeleka tiata sasa hivi, mtoto amechoka" ana kazi ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kumbukumbu za vitendo, na ingefaa iingizwe.

Udhaifu wa Nakivale kama darasa ni mambo mawili. Usimamizi ni haba, kwani kazi kubwa hufanywa na maofisa tabibu, wauguzi na wakunga, na daktari ni mmoja kwa umati. Pia huduma hutegemea wafadhili. Misaada ilipokatwa mwaka 2025, Shirika la Chakula Duniani liliwaondoa kwenye mgao wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda, na mashirika ya afya nayo yakapunguza watu. Programu iliyokuwepo mwaka jana huenda haipo leo. Vilevile kuingia kufanya mafunzo au utafiti kunahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na barua hiyo haitoki kwa siku moja.

Fedha na karatasi

Hapa ndipo uchaguzi wa mkimbizi unapoachana na wa mwenyeji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na inataja utambuzi wa vyeti vya nje. Sheria hiyo ni nzuri, lakini msajili wa madaktari ana taratibu zake. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi wakadhani kwamba shahada ya Bukavu au Goma sasa inapita moja kwa moja. Sivyo: kutambuana kwa shule za udaktari ndani ya Jumuiya hufuata ukaguzi wa mabaraza ya nchi wanachama, shule kwa shule. Aliyesomea nje aende kwanza kwenye Baraza, Kampala, kabla ya kuandikia hospitali yoyote, maana anaweza kutakiwa kufanya mtihani kabla ya utarajali.

Kwenye fedha, ufadhili wa DAFI wa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, uliopo tangu mwaka 1992, ni wa shahada ya kwanza. Aliyeutegemea hadi kuhitimu hufika mlango wa ubingwa mikono mitupu. Njia ya chuo kikuu humtaka alipe ada huku akifanya kazi ya wodi usiku na mchana. Malalamiko ya madaktari wanaosomea ubingwa kuhusu posho yamesikika nchini mara nyingi. Njia ya COSECSA humruhusu aajiriwe na hospitali huku akijifunza, japo mitihani ina ada zake na lazima hospitali imkubali kwanza kama mwajiriwa. Njia ya kwanza inampa shahada ya chuo, inayohitajika kwa anayetaka kuwa mhadhiri. Ya pili inampa mshahara. Mwenye wadogo watano wanaomtegemea Kabazana hahitaji kuelezwa uzito wa tofauti hiyo.

Kinachopimwa hasa

Hoja za pande zote mbili zinapishana kwa sababu zinapima jengo. Kipimo kinachofaa zaidi ni msimamizi: nani atakuwa karibu nawe saa nane usiku, na ataruhusu ufanye nini akiwa amesimama hapo. Kabla ya kukubali nafasi, muulize mwanafunzi aliyeondoka pale mwezi uliopita, usimuulize anayeongoza ofisi ya wageni. Je, daktari bingwa hufanya raundi mwenyewe au humwachia mtarajali? Nani hutia saini kitabu cha vitendo, na hutia akiwa ameona au kwa kuambiwa? Damu ya kuongezea wagonjwa hupatikana? Ukichomwa sindano, dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi ziko wapi, na ziko usiku? Hospitali ambayo watu wake hawana jibu la swali hili la mwisho haifai, hata iwe na ghorofa ngapi.

Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa shahada ya kwanza agawanye majuma yake: sehemu katika hospitali ya misheni yenye daktari anayefundisha, na sehemu Nakivale chini ya msimamizi wa chuo anayefika kweli, hasa akiwa anazungumza Kiswahili. Asiyapeleke yote Mbarara, kwani huko atakuwepo hata hivyo. Wa utarajali akubali atakapopangwa, na akipewa nafasi ya kusema, aombe hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kuwa idara zote nne ziko chini ya paa moja na usajili wake hautakwama kwa kukosa moja. Wa ubingwa, akiwa na ada na akitaka kufundisha au kutafiti, aende Mbarara bila kusita. Akiwa mpasuaji asiye na mfadhili, atafute kazi katika hospitali iliyoidhinishwa na COSECSA kabla ya kutafuta chuo. Chuo cha Mbarara nacho, ambacho kilianzishwa ili daktari aende kwa watu, kiwapeleke Nakivale walimu wake kwa zamu, kwani wanafunzi bila walimu tumeshaona wanakoishia.